Mwenzake Mabula

Mtu anayenunua maksai wa pili hamwangalii peke yake. Anamleta yule wa kwanza, anawasimamisha bega kwa bega, halafu anarudi nyuma kidogo na kufumba jicho moja. Nundu zilingane, miguu ilingane, na hasira nazo zilingane, maana ukifunga kwenye nira moja mpole na mkali, jembe litachora nyoka shamba zima. Ngusa Malale aliyajua haya kabla hajaota ndevu. Basi siku aliyokwenda Ilembo, mjini Mpanda, kuchagua kayaki ya pili, akafanya vilevile. Aliishusha kayaki yake kutoka kwenye Fuso ya mpunga iliyomleta toka Majimoto, akaiburuta hadi uani kwa Gideon, akailaza kando ya zile tatu zilizokuwa zinauzwa, akarudi nyuma, akafumba jicho.

"Mzee wangu," Gideon akasema huku mabega yakimcheza kwa kicheko, "hizo hazina meno ya kukagua."

"Tulia, kijana. Natazama migongo."

Kayaki, kwa asiyeijua, ni mtumbwi mfupi wa plastiki ngumu, wa mtu mmoja, uliofunikwa juu na kuachwa tundu katikati. Unaingiza miguu humo, unavaa sketi ya mpira inayoziba tundu maji yasiingie, unashika kasia lenye ubapa huku na huku, kisha unajitupa kwenye maji yanayogombana na mawe. Ikibinuka, unabaki umening'inia kichwa chini, na kwa kasia na kiuno unajirudisha juu. Ngusa alijifunza kujirudisha akiwa tayari ni babu wa watu, na kabla hajajua alikunywa mto mwingi kuliko ng'ombe zake.

Ilianza hivi. Kulikuwa na kambi ya watalii chini ya milima ile ya upande wa Ufipa, pale Mto Kasunga unapoteremka kuja bonde la Mpimbwe. Gideon ndiye aliyekuwa akiwashusha wageni mtoni. Gari halikuweza kufika juu, kwa hiyo wakamtafuta mtu mwenye mkokoteni wa maksai awapandishie vyombo, na mtu huyo akawa Ngusa. Msimu mzima aliwapandisha na kuwaona wakiondoka. Wao wanakwenda na maji, wanapiga makelele kama watoto, yeye anageuza mkokoteni mtupu na kurudi alikotoka. Likawa linamuuma.

Angeachaje kuumwa? Ngusa alizaliwa njiani, baba yake akiswaga ng'ombe kutoka Usukumani, na tangu hapo hakuwahi kujua kukaa. Tabora, Ugalla, Mpanda, hatimaye Mpimbwe. Jani likiisha, funga mizigo. Lakini siku hizi utahamia wapi? Hapa hifadhi, pale msitu wa serikali, kule mpunga wa watu. Mifugo kawagawia wanawe, kabaki na maksai wa mkokoteni tu. Akisimama pale juu na kutazama mto ukikata kona na kupotea, aliona kwamba katika nchi nzima ni huo peke yake uliobaki unahama bila kuulizwa kibali.

Gideon alimwona anavyotazama. Siku moja ya mvua akampa kayaki kuukuu ya kijani, iliyokwisha kupauka kwa jua, akamwambia kaa. Ngusa akakaa. Akaiita Mabula, jina wanalopewa watoto waliozaliwa mvua ikinyesha.

Sasa kambi imefungwa, wenyewe wamekwenda zao, na Gideon naye alikuwa anaondoka kwenda Jinja, Uganda, ambako alisema mto ni mpana na kazi haikosekani. Jumapili inayofuata lori lingembeba na vyombo vyake. Zile kayaki tatu hakutaka kwenda nazo.

"Sikiliza, mzee," alisema, akichuchumaa. "Ya kwanza hukuichagua, ulipewa. Hakuna anayechagua mzazi. Ya pili ndiyo ya akili. Hii nyekundu ni fupi, ina kingo kali. Ukikosea kidogo inakwambia palepale, inakumwaga. Lakini mwaka mmoja nayo utakuwa mtu mwingine. Hii ya njano ni nene, ina tumbo la hewa mbele na nyuma. Maji yakikumeza, inakutema. Na usichague kwa ajili ya mto unaouota. Chagua kwa ajili ya mto unaokwenda kila juma."

Ngusa aliigusa nyekundu kwa kiganja, akakawia nayo kidogo. Kisha akaiacha.

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo? Hiyo na Mabula ni tumbo moja, kiwanda kimoja. Ya nini? Unayo tayari."

"Ng'ombe mmoja halimi."

Gideon akamwangalia. "Nani atakaa humo?"

Ngusa aliinama, akaanza kukwangua tope lililokauka ubavuni mwa Mabula, tope ambalo halikumsumbua mtu. "Mama Suzana," akasema.

Gideon hakucheka tena.

Mama Suzana ndiye Nyanzala, mke wa Ngusa. Alikwenda Nsemulwa, huko huko Mpanda, kwa binti yao, Suzana alipojifungua mapacha. Aliaga kwamba anakwenda mpaka watoto wakae. Watoto wakakaa, wakatambaa, wakasimama, wakaanza kuiba sukari, na Nyanzala bado yuko Nsemulwa. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomtesa Ngusa. Ugomvi ungekuwa na mlango wa kuingilia. Kule Majimoto alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea ya mkono, nusu akampa mbwa. Akiona kitu njiani, punda wa mtu amelala katikati ya barabara, mwalimu kaanguka na pikipiki, alikibeba kichwani mpaka nyumbani ili akasimulie, akafungua mlango, akakumbuka. Hadithi zikamjaa hadi kooni. Simu ilikuwepo, lakini kwenye simu Nyanzala alikuwa anauliza umekula, dawa ya goti unapaka, halafu pacha mmoja analia.

Siku moja tu aliuliza lingine. "Hicho chombo chako," alisema, "kwani ni cha mtu mmoja tu?"

Swali hilo Ngusa alilala nalo na kuamka nalo. Aliligeuza kila upande kama mtu aliyeokota shilingi ya zamani, na kila upande aliona jambo moja: kumbe akipata pa kukaa atakuja.

"Ichukue ya kijani," Gideon alisema mwishowe. "Kaijaribu. Kabla ya Jumapili uniambie, ama inabaki kwako ama unairudisha uchukue nyingine."

Ngusa akarudi Majimoto na kayaki mbili juu ya Fuso, zimelala mbavu kwa mbavu, na njia nzima alikuwa anageuka kuzitazama.

Maksai mgeni hafundishwi na mtu. Anafungwa na mzoefu. Huyu akienda kushoto, na yule lazima kushoto, hadi siku moja mguu wenyewe unajua. Ngusa aliona hakuna sababu mto uwe tofauti. Alikata mti mwembamba ulionyooka, akaulaza juu ya kayaki zote mbili, akaufunga kwa kamba za katani fundo lile lile la nira. Kisha akamwita jirani yake Leodgar, Mpimbwe kwa kabila, mwenyeji wa pale pale, aliyekulia kwenye mitumbwi ya magogo akivua kambale. Leodgar alikuwa mwembamba kama Nyanzala, na ndiyo sababu ya pekee iliyomfanya achaguliwe, ingawa yeye aliambiwa ni kwa ushujaa.

"Nyie Wasukuma," Leodgar alisema walipofika juu, akiuzunguka ule mti, "mkipewa mbingu mtaifunga nira na ardhi."

"Ingia humo, Mpimbwe. Kazi yako ni kutulia tu."

"Kutulia ni kazi ya maiti, ndugu yangu."

Lakini akaingia. Akavaa kofia ngumu na jaketi la kuelea, ila sketi ya mpira aliikataa, akisema mwanaume havai sketi mbele ya mawe. Wakasukuma.

Mwanzo palikuwa pazuri, tena pazuri mno. Maji yaliwachukua polepole chini ya miti, kayaki mbili zikienda pua sawa, na Ngusa akajikuta anaimba wimbo wa kulimia. Maporomoko madogo ya kwanza walipita wakirushwa rushwa, Leodgar akapiga kigelegele cha dhihaka. Ngusa hakumwona Leodgar. Upande ule wa kulia, pembeni ya jicho, aliona kitenge.

Halafu likaja jiwe. Jiwe jeusi, limekaa katikati ya mto kama mwenyekiti wa kijiji, na Ngusa peke yake alikuwa amelipita mara nyingi kwa kushoto. Akavuta kushoto. Mabula akatii. Ile ya pili, ya Leodgar, ilikuwa upande wa kulia, na maji ya kulia yalikuwa na safari yao.

"Msukumaaa!" Leodgar akapiga ukelele.

Mti ukalipiga jiwe katikati kabisa. Kila kayaki ikageukia ilikovutwa, mikia ikakutana chini ya jiwe, maji yakapanda juu ya Mabula na kumlaza. Leodgar, asiye na sketi, alitoka kama mbegu ya papai na kwenda zake akielea. Ngusa alibaki chini. Alijaribu kujirudisha kwa kiuno kama alivyofundishwa, akainuka nusu, mti ukamzuia, akarudi chini. Akajaribu tena. Hapo ndipo akili ilipomjia mkononi: kisu alichokifunga kifuani, kwenye jaketi la kuelea. Akakata kamba bila kuiona. Mti ukaruka, kayaki ya Leodgar ikachomoka na kuondoka tupu, na Mabula, aliyebanwa na mto mzima nyuma yake, akalia mlio mkavu kama gome linapobanduliwa. Ubavu ulipasuka kutoka tunduni hadi puani. Ngusa akatokea juu akiwa hana kitu isipokuwa kasia na kidonda juu ya jicho.

Walimkuta Leodgar ameketi mchangani, goti linavuja damu. Nasema walimkuta, maana Ngusa na mto walifika pamoja. Ya kijani ilikuwa imesimama peke yake nyuma ya jiwe lingine huko chini, pale ambapo maji hugeuka na kurudi nyuma yakatulia, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Tumelima," Leodgar akasema. "Sasa tupande nini?"

Nyumbani kwa Leodgar, mkewe Pelagia aliwaosha kwa maji ya moto yenye chumvi, na kila aliposhika kidonda alishika kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyohitajika.

"Na Nyanzala mwenyewe anasemaje?" aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kutiwa kwenye kopo na kufungwa kamba."

Ngusa akageuka kutazama bata uani.

"Ah! Hujamuuliza!" Pelagia akaacha kitambaa. "Shemeji, hata ng'ombe unamtazama macho kabla ya kumfunga."

Mabula aliopolewa mtoni akiwa amekatika vipande viwili: nusu moja, bata wa Pelagia wakawa wanaogea humo. Ile nyingine Ngusa aliiegemeza ukutani, akashindwa kupita mbele yake. Kesho yake akapandisha ya kijani kwenye lori na kwenda Nsemulwa.

Nyanzala alikuwa uani anachambua mchele, pacha mmoja mgongoni, mwingine amelala kwenye khanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Ngusa alisimama langoni akaona jinsi vidole vyake vinavyokimbia kwenye ungo, akasahau alichokuja kusema.

"Mwadila, mama Suzana," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba Suzana. Geuka nione hilo jicho."

"Jicho gani?"

"Pelagia amepiga simu. Geuka."

Akageuka. Nyanzala alilitazama jeraha, akalipuliza kama anavyompulizia mtoto, kisha akarudi kwenye ungo. Ngusa akaketi kwenye kigoda. Akamweleza yote kwa kunyooka, maana hakujua njia nyingine: kwamba alichukua chombo cha pili kwa ajili yake, kilingane na cha kwanza, kwa sababu aliuliza kama ni cha mtu mmoja.

Vidole vikasimama.

"Mimi niliuliza hivyo," Nyanzala alisema polepole, "kwa sababu nilikuwa naota unazama, natazama huku na huku, hakuna mtu. Nilitaka kujua kama kuna wa kukuona."

"Kwa hiyo hukutaka kuja."

"Kwenye mawe? Baba Suzana, mimi hapa namwogopa hata mbu." Akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Ngusa aliokota punje moja ya mchele chini, akairudisha kwenye ungo. Lile swali alilolikwepa tangu mapacha walipokaa, akalitoa.

"Na nyumbani?"

Nyanzala alimvuta mtoto wa mgongoni, akamkaza mbeleko ingawa ilikuwa imekaza. "Nimefunga mizigo yako tangu nikiwa msichana," akasema. "Ukisema twende, nafunga sufuria. Ukisema hapa, nafungua. Hata huko Mpimbwe tumehamisha boma mara ngapi? Na sikulalamika, nami nilipenda. Lakini hapa nimepanda mchicha. Nikaula. Nikapanda mwingine palepale. Unajua sijawahi kufanya hivyo? Sijakuacha, baba Suzana. Nimekaa tu."

"Mimi sijui kukaa."

"Najua."

"Nitajifunza. Nitarudisha hiki chombo, mto basi, nije hapa."

"Usiniambie hivyo!" alisema kwa ukali uliomshtua mtoto. "Utakaa hapo langoni unatazama barabara kama mbwa wa mlinzi. Nitakuchukia, na wewe utanichukia. Huko Ilembo zimebaki ngapi?"

"Mbili. Na hii."

"Subiri nimwamshe Suzana ashike watoto."

Walikwenda Ilembo kwa bajaji, ya kijani imefungwa juu, Nyanzala kashika pua yake kwa mkono nje ya dirisha isije ikadondoka. Ngusa alitazama mkono ule njia nzima. Gideon aliwapokea kwa heshima, akamletea mama kiti, mama akakikataa. Alizizunguka kayaki, akagonga kila moja kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni, akauweka mguu wake ndani ya tundu la ile nyekundu, akautoa upesi.

"Wewe unataka ipi?" akamwuliza mumewe.

Ngusa hakuweza kudanganya. Jozi imekwisha, na jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda kwa nyekundu. Alijiona nayo mwaka mmoja baadaye, mtu mwingine, akipita pale wageni walipopita wakipiga makelele, na hata mbali zaidi, huko Jinja kwenye mto mpana. "Hiyo," akasema.

Nyanzala akamgeukia Gideon. "Mwanangu, ipi inamrudisha mtu?"

Gideon akawatazama wote wawili. "Ya njano, mama. Akibinuka inamwinua hata akikosea. Ila na hiyo hatajifunza haraka."

"Ana haraka ya kwenda wapi?"

Jogoo wa jirani akawika mchana ule bila sababu. Ngusa alimtazama mkewe, akaona kwamba jambo hili hakulisema kwa mzaha. Akainama, akaishika ya njano kwenye kishikio cha puani. Ilikuwa nzito. Haikufanana na kitu chochote alichowahi kuwa nacho.

"Na peke yako huendi," Nyanzala alisema. "Awepo mtu ukingoni mwenye macho na kamba. Ukitoka, nipigie. Siyo kesho yake. Ukitoka."

"Utapokea?"

"Wewe toka kwanza."

Alimsindikiza hadi stendi ya malori. Hawakushikana mikono, watu wa umri wao, mchana, mbele za watu. Lori lilipoanza kuondoka Nyanzala alitembea nalo hatua chache, kama anayetaka kusema kitu alichosahau, kisha akasimama. Ngusa alimwona akipungua, khanga yake, kisha rangi ya khanga, kisha vumbi.

Leodgar alikubali kuwa macho na kamba, kwa masharti kwamba hataguswa na maji wala na mti wowote. Siku ya kwanza ya ile ya njano alitembea ukingoni akilalamika juu ya upupu, juu ya goti, juu ya Wasukuma kwa ujumla. Ngusa aliingia. Chombo kilikuwa kipana chini yake, kizito kugeuka, kikapanda juu ya mawimbi badala ya kuyakata. Kwenye jiwe jeusi alikosea kwa hofu, maji yakambinua. Giza, makelele, baridi puani. Akavuta kasia vibaya, alijua kabisa amevuta vibaya, na bado ile ya njano ikamgeuza na kumtoa juani.

Aliingia nyuma ya jiwe la chini, pale maji yanaporudi. Akashika ukingo wa jiwe, akapumua. Akatazama juu, kule mto unakotokea. Maji yalikuja, yakaja, yakaja mengine, na juu yake hapakuwa na mtu. Alikaa hapo mpaka Leodgar akamwuliza kwa sauti kama ameota mizizi.

Walitoka mtoni kabla ya kufika darajani, maana chini ya hapo mto ni mali ya viboko na mamba. Ngusa hakusubiri hata kuvua kofia. Alipanda kilima akichuruzika, simu kwenye mfuko wa plastiki shingoni, mpaka mtandao ukashika. Ikaita kidogo tu.

"Umetoka?" Nyanzala akasema.

"Nimetoka."

"Ulibinuka?"

"Mara moja."

"Ikakurudisha?"

"Ikanirudisha."

Aliusikia mvuto mrefu wa pumzi. Nyuma yake palikuwa na mapacha, sufuria, redio ya mtu. Ngusa alisubiri aulizwe kuhusu dawa ya goti. Akasikia badala yake mlango ukifungwa, zile sauti zote zikabaki nje, na kitu kikiburutwa, kigoda labda, na mtu akiketi.

"Haya," Nyanzala akasema. "Nisimulie. Usiruke."

Ngusa akakaa chini kwenye majani, maji yakimtiririka miguuni, akaanzia juu kabisa, pale ambapo mto unasikika kabla haujaonekana.